Fimbo Tuliyoipeleka Duka la Bunduki

Nyati aliyenivunja bega alikuwa na waya shingoni. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wengi waliokuja kuniona hospitali ya Mpanda walidhani nilimjeruhi mimi, naye akarudi kulipiza. Sikuwa nimefyatua hata risasi moja. Mtu mwingine, ambaye hatukumjua na hatutamjua, alitega waya porini, nyati akanasa, akaukata kwa nguvu zake, akaondoka nao ukiwa umemzama nyamani. Siku zilipita, jeraha likaoza, hasira ikabaki. Sisi tukafika.

Tulikuwa watatu: mimi, shemeji yangu, na askari wa wanyamapori ambaye sheria inataka afuatane na mwindaji mwenye kibali. Shemeji ni kaka wa mke wangu, mkulima wa mpunga wa Majimoto, Mpimbwe kwa kabila, aliyezaliwa na kukulia kando ya pori. Yeye hana bunduki wala hajawahi kuitaka. Kazi yake ni kusoma nyayo. Tumewinda pamoja tangu nilipomwoa dada yake, kila msimu unapofunguliwa, nje ya mipaka ya hifadhi, kwa vibali vyetu halali. Mwaka huo tulikuwa tunafuata kongoni.

Nyayo ziliingia kwenye kichaka kizito kando ya korongo. Shemeji alitangulia, akachungulia, akanigeukia na kunipungia mkono kwamba njia ni nyeupe. Nikaingia. Nilisikia kwanza pumzi, kama mtu anayevuta mkokoteni, kisha matawi yakavunjika mbele yangu. Nikainua bunduki. Ilikuwa ya marehemu baba, nimeirithi kwa utaratibu wote wa polisi: bunduki ndefu, ya mbao nyeusi nzito, ukiisimamisha sakafuni inakufika kifuani. Mtutu wake ukanasa kwenye mtambaa, mmea mgumu kama kamba, uliokuwa umening'inia kati ya miti miwili. Nikavuta, haukuachia. Nikavuta tena. Baada ya hapo nakumbuka anga tu, na kishindo cha bunduki ya askari, na sauti ya shemeji akiniita kwa lugha ya kwao.

Askari alimuua yule nyati hatua chache kutoka nilipoangukia. Bega langu la kushoto lilikuwa limevunjika mahali pawili.

Nilikaa na bandeji hadi mvua zikaanza, zikakolea, zikaisha. Kazi yangu yote ya maisha ilikuwa mifugo: kuzunguka kwenye maboma ya wafugaji waliohamia huku kutoka kaskazini, kuchanja, kuzalisha ng'ombe walioshindwa. Nilikuwa nimestaafu tayari, lakini mwili wangu ulikuwa bado haujapata habari hizo. Bega ndilo lililoupelekea taarifa. Mkono wa kushoto uliporudi, ulirudi nusu. Ulibeba kikombe, ukabeba kuku, lakini ukipita usawa wa kidevu ulianza kutetemeka.

Siku moja nilitoa bunduki ya baba kabatini, nikahakikisha haina kitu ndani, nikailenga dirishani. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anachagua maharage. Mtutu ulipanda, ukasimama kidogo, ukaanza kushuka wenyewe kama mti unaoanguka polepole. Nikaupandisha tena, ukashuka tena.

"Baba watoto," akasema bila kuinua macho, "nyama ya buchani nayo ni nyama."

Niliirudisha bunduki kabatini. Nilijua alichokuwa anasema. Kweli, si nyama niliyokuwa nikiifuata. Mwaka mzima mimi na kaka yake huzungumza habari za mvua, watoto na bei ya mbolea, tukimaliza tunanyamaza kwa adabu kama wakwe. Porini tunanyamaza pia, ila kule kunyamaza ni kwa namna nyingine. Anainua kidole, nasimama. Nageuza shingo, anajua nimesikia nini. Sina mtu mwingine ninayeweza kukaa naye hivyo.

Na tangu ajali, shemeji alikuwa haji. Zamani kila mavuno alipanda pikipiki kutoka Majimoto na gunia lake, akalala kwetu siku mbili tatu. Sasa gunia lilikuja na dereva wa bodaboda peke yake, na salamu fupi. Likaja la pili. Mke wangu alilitazama likiwa limeegemea mlango.

"Kaka anatuma mchele kama anayeomba radhi," alisema. "Nenda kamwone. Yeye hatakuja."

Nikaenda. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake anashona mdomo wa gunia kwa sindano ndefu. Aliinuka, akanipa mkono wa kulia, macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye bega la kushoto, kisha yakakimbia.

"Linaendeleaje?"

"Linaendelea. Bunduki ya baba ndiyo inayonishinda."

"Basi umepumzika," akasema. "Umewinda vya kutosha, shemeji."

"Nataka nyingine. Fupi na nyepesi. Ila sijui fupi kiasi gani. Ninaogopa kwenda dukani nikanunua kwa macho."

Akaendelea kushona. Mke wake alileta uji, tukanywa, akaondoa vikombe. Shemeji akamaliza lile gunia, akakata uzi kwa meno, akasema, "Kule kichakani hatukukosa bunduki. Tulikosa nafasi ya kuigeuzia." Akachukua panga, akanyanyuka. "Twende tukapime hiyo nafasi."

Nyuma ya mashamba yake, ardhi inapoanza kupanda kuelekea vilimani, kuna vichaka kama vile vya korongoni, vyenye mitambaa na miiba. Alikata fimbo iliyonyooka, ndefu sawasawa na bunduki ya baba. Alichukua soksi kuukuu, akaijaza kokoto, akaifunga kwenye fimbo kwa mpira wa baiskeli, mbele kidogo ya mahali mkono wa kushoto unaposhika, ili uzito uwe kama wa kweli. Akaniambia nitembee kichakani kama ninavyotembea siku zote, na akipiga kofi niinue nilenge mti wowote ulio mbele yangu.

Akapiga kofi. Ncha ikagonga tawi. Akakata kipande cha fimbo, upana wa kiganja. Nikatembea, akapiga kofi, ikanasa kwenye mtambaa. Akakata tena. Tulifanya hivyo asubuhi nzima, watu wazima wawili, mmoja anapiga makofi na mwingine ananyooshea miti fimbo yenye soksi. Wanawake waliopita na kuni walitutazama, wakaamkia, wakaenda zao wakinong'ona.

Kuna urefu ambao kila ukiupunguza unapata nafuu. Halafu kuna mahali nafuu inakoma. Fimbo ilipofika kiunoni mwangu ilianza kupita kila mahali, ikipanda begani bila kugusa kitu. Shemeji akataka kukata zaidi, nikamzuia, nikamwambia ikiwa fupi mno inayumba, haitulii kwenye shabaha. Nilikuwa nimeona mtutu mzito wa baba ulivyotulia enzi za bega langu zima. Uzito wa mbele una faida yake. Akakata kidogo tu, nijaribu. Ilikuwa kweli, ncha ilicheza kama mkia wa mbwa. Akatafuta fimbo nyingine, akarudia kile kipimo cha nyuma. Kisha akaanza kutoa kokoto kwenye soksi, chache chache, nami nikashika fimbo usawa wa jicho hadi mkono ulipoacha kutetemeka.

"Hii," nikasema.

Akaifunga soksi kwa fundo, akaipima fimbo kiganjani. "Kumbe ni bunduki ya mtoto," akasema. Nikamwona anataka kucheka, anajizuia.

Vibali vilichukua muda wake. Kamati ya mtaa, kata, polisi, alama za vidole. Ofisa aliyenihudumia aliuliza kwa nini nataka kubadili silaha nzima na nzuri, nikainua mkono wa kushoto mbele yake hadi ulipoanza kutetemeka, akaelewa. Nilimuuliza kama ningeweza kumpa fundi aikate mtutu ile ya baba, ili nibaki nayo. Akatikisa kichwa. Alisema silaha iliyokatwa mtutu ni kesi, si bunduki, na hata kama ingeruhusiwa, isingelenga tena popote. Nikaikabidhi. Alipoipokea aliigeuza kwa heshima, akapitisha kidole mahali ambapo shavu la baba, na baadaye langu, lilikuwa limeisugua mbao hadi ikang'aa. "Mzee aliitumia," akasema. Nikasema ndiyo. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kuliko nilivyotaka.

Safari ya Dar es Salaam, kwenye duka la bunduki, nilimwomba shemeji tufuatane. Nilitegemea akatae. Alikuja kituo cha treni Mpanda amevaa koti, na kwapani ameshika fimbo.

"Hiyo unaipeleka wapi?"

"Si tumeipima? Utamwambiaje mwenye duka, kwa maneno?"

Basi ile fimbo ikapanda treni hadi Tabora, ikapanda basi kutoka Tabora, na kila abiria aliyekaa karibu nasi aliuliza soksi ile ina dawa gani. Shemeji alimjibu kila mmoja kwamba ni ya kutuliza mkono. Hakuwa anadanganya.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mtulivu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alisoma karatasi zangu zote kabla ya kusema lolote. Kisha shemeji akaweka fimbo juu ya meza ya kioo. Yule mama aliitazama, akatutazama, akavaa miwani. Tulimweleza yote: kichaka, mtambaa, bega, kokoto. Alisikiliza bila kutukatiza, akaibeba fimbo, akailenga ukutani.

"Mmefanya vizuri," akasema. "Wengi huja na picha kwenye simu." Akaingia ndani, akarudi na bunduki tatu, akazilaza kando ya fimbo.

Ya kwanza ilikuwa ya urefu ule ule hasa, mtutu mfupi na mnene, tundu kubwa. Niliipenda kwa macho. Niliipandisha, ikapanda vizuri.

"Hiyo inaangusha hata nyati," akasema. "Lakini nikuambie ukweli, baba. Bunduki nyepesi haina deni na mtu wakati wa kuibeba. Inadai wakati wa kufyatua. Risasi kubwa kwenye bunduki nyepesi inaruka kama mbuzi aliyefungwa. Na mkono unaozuia mtutu usiruke ni wa kushoto." Akaonyesha bega langu kwa kidevu. "Risasi ya kwanza utaipiga. Ya pili, mpaka uishushe, mnyama ameshafika."

"Sasa nifanyeje?"

"Unataka kuwinda nini?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Mtu ukiwa na bunduki ya baba yako huulizi unawinda nini. Unawinda alichowinda yeye. Nilimtazama shemeji. Yeye alikuwa anaangalia fimbo.

"Nyati tumuache," akasema polepole.

Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu ajali kulitaja jina la mnyama yule mbele yangu.

Yule mama akairuka ya pili, akasogeza ya tatu. Ilikuwa nyembamba, kitako cha plastiki nyeusi isiyo na uzuri wowote, na raba nene mwishoni. Risasi yake ya wastani: inatosha kongoni, swala, ngiri, pongo, na si zaidi. Alituambia pia mambo ambayo hatukuuliza. Mtutu mfupi una kelele kuliko mrefu, tuzibe masikio tunapojaribu shabaha. Risasi inatoka na kasi pungufu kidogo, kwa hiyo tusipige mbali. "Hii inakutaka usogee karibu," akasema. "Kama miguu yako na ya mwenzio ni mizima, si hasara."

Niliilenga ukutani. Nikahesabu pumzi, nikaacha kuhesabu. Mtutu ulikaa pale nilipouweka.

Sikuwa na furaha ile niliyoitegemea. Nilisimama katika duka lile nikiwaza kwamba kila bunduki ni orodha ya wanyama utakaowaacha, na kwamba hata ile ya baba ilikuwa na orodha yake, ila sikuwahi kuisoma. Ile nzito iliniambia naweza yote. Hii nyepesi ilinitajia mipaka yangu kabla sijalipia.

Tulijaribu shabaha kwenye uwanja wa polisi, askari polisi mmoja akiwepo. Risasi ya kwanza ilitoa kishindo hata shemeji, ambaye alikuwa amesimama nyuma kabisa na vidole masikioni, akachuchumaa. Kisha akacheka. Alicheka akiwa amechuchumaa, machozi yakimtoka, na yule askari naye akaanza kucheka bila kujua sababu. Nilikuwa sijamsikia shemeji akicheka tangu msimu uliopita. Nikapiga nyingine.

Msimu ulipofunguliwa tuliondoka alfajiri na askari wa wanyamapori yule yule wa safari iliyopita, ambaye aliniomba nimwonyeshe bunduki, akaipima mkononi, akasema tu, "Sasa hutachoka sana." Nyasi zilikuwa zimeungua sehemu sehemu, mbung'o wanatuuma kupitia mashati. Hatukufika mbali kabla sijatambua kitu: shemeji hakuwa anatangulia. Alisoma nyayo akiwa kando yangu, bega kwa bega, na tulipokaribia kichaka alingoja niingie naye. Mwendo wetu ukawa wa taratibu, wenye kugonganagongana.

Nyayo za pongo zilitupeleka kwenye korongo. Si lile la mwaka jana, lakini korongo hufanana na korongo. Tukaingia. Bunduki ilipita kwenye mitambaa kama ile fimbo. Kisha shemeji akanishika mkanda wa suruali, kwa nyuma, kwa nguvu.

Mbele yetu, kivulini, walilala nyati madume wazee, wanacheua. Mmoja alikuwa ameinua kichwa tayari. Niliona pua yake inavyolowa. Mikono yangu ilipandisha bunduki bila kuniuliza, ikapanda vizuri, haikugusa jani, na palepale nikajua kwamba kilicho ndani yake hakikutengenezwa kwa ajili ya kile kilichokuwa mbele yangu. Askari alikuwa ameinua yake pembeni, kimya. Shemeji hakuachia mkanda. Alinivuta hatua moja nyuma, akangoja. Hatua nyingine. Nikashusha mtutu, nikamwachia anivute. Yule dume alitufuata kwa macho mpaka majani yakafunga kati yetu.

Tulikwenda mbali kabla hatujasimama. Askari akapanda kwenye kichuguu kuangalia nyuma. Sisi tukakaa chini yake. Shemeji alikunywa maji, akanipa chupa, akasema akiangalia miguu yake:

"Siku ile niliona nzi."

Nikamrudishia chupa.

"Nilipochungulia. Niliona nzi wengi wanazunguka mahali pamoja. Nikadhani ni mzoga. Nikakupungia uingie." Akafuta mdomo. "Kumbe ni lile donda lake. Kila siku nawaona wale nzi, shemeji. Nikiwa shambani, nikiwa nakula."

Nikamwambia lililokuwa kweli. "Hata mimi ningedhani mzoga. Hata askari. Ni nani angedhani kitu kinachooza kiko hai?"

"Lakini mimi ndiye niliyepunga mkono."

"Ndiyo. Ni wewe. Na waya je, uliutega wewe?"

Akaokota kijiti, akakivunja vipande vidogo vidogo. Kisha akasema, kama anayezungumzia jambo jingine, "Mwaka mzima nilikuwa nafikiri dada ananichukia."

"Dada yako alinituma kwako."

Akanitazama. Nadhani hakuwa amelijua hilo.

Alasiri tulimpata pongo, dume, kwenye ukingo wa mbuga, karibu kiasi kwamba niliona sikio lake likigeuka. Shemeji alikuwa ametangulia, mara ya kwanza siku hiyo. Akainua kidole, nikasimama. Nilipandisha, mkono ukatulia, nikafyatua. Pongo aliruka mara moja, akalala. Masikio yangu yalilia kwa kishindo hata sikusikia shemeji anasema nini. Niliona tu midomo yake, na mkono wake unaonyesha kwamba ameanguka pale pale, hakuna cha kufuatilia.

Nyama tuligawa, sehemu yake ikaenda Majimoto, sehemu ikaja Mpanda, na shemeji akaja nayo mwenyewe. Alikaa kwetu siku zile zile mbili tatu za zamani. Mke wangu alipika, akamwekea kaka yake kipande kikubwa kuliko changu. Shemeji alikula chote.

Tumekwenda misimu mingine tangu hapo. Mara nyingi tunarudi mikono mitupu, kwa sababu kusogea karibu ni kazi ngumu kuliko kupiga mbali, na wanyama wanatuzidi ujanja. Mke wangu anasema sasa tunakwenda kutembea tu, na bunduki ni kisingizio. Huenda. Nyati tunawasikia mara kwa mara wakivunja matete, tunawapa njia. Mwaka huu shemeji ameanza kulalamikia magoti. Tulipokuwa tunapanda kilima alisimama, akajifanya anaangalia nyayo za zamani, nami nikasimama kando yake nikaziangalia pia, mpaka alipokuwa tayari kuendelea.